Ukienda kwa Wenye Chongo: Historia Fupi ya Kioo cha Kijani

Mjomba wangu alistaafu akiwa mtu wa chumba cha kompyuta katika kampuni moja ya uwakala wa meli hapa Dar es Salaam. Miaka kadhaa baadaye akapigiwa simu na kijana wa IT wa kampuni ile ile, kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu. Hivi ile AS/400 yenu, mtu anaingiaje?"

Mashine ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kioo chake cha mwisho, kile cha maandishi ya kijani kwenye weusi. Kijana alikuwa ameweka programu ya kuiga kioo hicho kwenye laptop mpya, lakini yeye na mashine hawaelewani. Na haraka ilikuwepo. Mjane wa baharia mmoja alikuwa anadai posho za mumewe za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Karatasi zake zilishaliwa na mchwa. Kumbukumbu iliyobaki ilikuwa ndani ya mashine ile tu.

Nilimsindikiza mjomba nikidhani nakwenda kumtazama fundi akigusa nyaya. Kumbe nakwenda kutazama mchezo wa kuigiza uliodumu zaidi ya miaka thelathini.

Tuanzie mbali kidogo, kwenye mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani. Mji huo unajulikana kwa hospitali ya Mayo, lakini tangu miaka ya 1950 IBM nayo ina makazi yake hapo. Wakati makao makuu ya kampuni yakijivunia mashine kubwa za serikali na mabenki makubwa, watu wa Rochester walipewa wateja wa chini yao: kiwanda, bohari, hospitali, halmashauri, wakala wa meli. Yaani ofisi zenye hesabu nyingi ila hazina jeshi la wataalamu. Kwa ajili ya hao wakatengeneza System/3 mwaka 1969, System/34 mwaka 1977, System/38 iliyotangazwa 1978, na System/36 mwaka 1983. Tarehe 21 Juni 1988 wakatangaza AS/400, mashine iliyokusanya wateja wa System/36 na System/38 chini ya paa moja. Zikauzwa mamia ya maelfu duniani. Baadaye IBM ikaibatiza majina mengine: iSeries mwaka 2000, System i mwaka 2006, na tangu 2008 mfumo wake unaitwa IBM i. Watu wa kazi hawakujali. Mpaka leo wanaiita AS/400.

Siri ya mashine hizi ni ya kimya. Programu zake hazizungumzi na chuma moja kwa moja. Kati ya programu na chuma kuna tabaka la kati, wazo lililotoka kwenye System/38 na linalohusishwa sana na mhandisi Frank Soltis. Mwaka 1995 AS/400 ilipobadilishiwa ubongo mzima, ikatoka kwenye prosesa za biti 48 kwenda za biti 64, programu nyingi za wateja zilihamia bila mtu kuziandika upya. Ndiyo maana kampuni ya mjomba ilishabadilisha mashine yenyewe, lakini programu ya posho za mabaharia ikabaki ile ile.

Sasa, kioo. Familia ya vioo vya mashine hizi inaitwa 5250, na ilikuja pamoja na System/34 mwaka 1977. Kioo cha kawaida kilikuwa na mistari 24, kila mstari nafasi 80, jumla herufi 1,920. Hiyo 80 ni ya kurithi: kadi ya kutobolewa ya IBM ya mwaka 1928 nayo ilikuwa na safu 80. Kioo chenyewe hakikuwa na akili ya kufanya hesabu. Kilifanya kazi kama karani wa mapokezi. Mashine inakutumia fomu, unaijaza kwa utulivu wako, na wakati wote huo mashine haijui unaandika nini. Ukibonyeza Enter, ulichojaza kinakwenda chote kwa mkupuo mmoja. Kibodi inajifunga mpaka jibu lirudi.

Vioo viliungana na mashine kwa waya mnene wenye nyuzi mbili ndani, uliofika hadi mita 1,500 hivi. Waya mmoja uliweza kuhudumia vioo saba, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na namba yake kuanzia 0 hadi 6. Cha mwisho kwenye mnyororo lazima kizibwe mwisho wa waya, la sivyo ishara zinagonga ukuta na kurudi kama mwangwi, na wote wanachanganyikiwa. Vioo viwili vikiwa na namba moja, ugomvi. Mjomba anasema nusu ya ujana wake aliimalizia chini ya meza za watu akisoma namba hizo kwa tochi.

Halafu zikaja PC. Ofisi haikutaka kuweka vifaa viwili juu ya meza moja, kwa hiyo likatafutwa jibu: PC ijifanye kioo. Mwanzoni ilichomekwa kadi maalumu iliyopokea waya ule ule mnene, ikapewa namba kati ya 0 na 6 kama wenzake, na mashine ikaamini imepata terminali nyingine. Hebu fikiria. Kifaa chenye prosesa yake, diski yake na kumbukumbu yake kinajifanya hakijui lolote, kinakaa kusubiri fomu. Wahenga walishasema: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Mtandao ulipokuja, uigizaji ukapata mswada rasmi. Februari 1991 ilichapishwa hati ya RFC 1205, inayoeleza namna ya kupitisha mazungumzo ya 5250 juu ya telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mlango namba 23. Ukiisoma hati hiyo unakuta mazungumzo ya mlangoni. Seva inauliza: wewe ni kifaa gani? Upande wa pili unajibu kwa jina la kioo halisi, kwa mfano IBM-3179-2, kioo cha rangi cha mistari 24 kwa 80, au IBM-3477-FC, cha mistari 27 kwa 132. Laptop ya leo, iliyotengenezwa juzi, bado inajibu hivyo hivyo. Inaulizwa jina, inataja jina la kifaa ambacho pengine kijana aliyeishika hajawahi kukiona.

Kwa hiyo kuunganisha PC na AS/400 ni kazi ya kumfundisha mwigizaji. Lazima ajue anakokwenda, anaitwa nani, anasema kwa herufi zipi na mikono yake inakaa wapi. Kijana wetu alikuwa ameandika anwani tu, mengine akaacha yalivyo. Ukurasa wa kuingilia ukatokea, jina la mtumiaji juu, neno la siri chini. Akajaza, akabonyeza Enter. Kishale kikaruka mstari. Akabonyeza tena. Kikaruka tena.

Mjomba akavuta kiti. "Bonyeza Ctrl ya kulia, kijana."

Ukurasa ukafunguka.

Sababu yake ni ya kihistoria kabisa. Kwenye kibodi ya 5250, pale ambapo PC ina Enter kubwa, palikuwa na kitufe kiitwacho Field Exit. Kazi yake ni kufunga kisanduku unachojaza, kufuta kilichobaki mbele ya kishale, na kukuhamishia kisanduku kinachofuata. Enter ilikaa chini, kulia kwa kile kitufe kirefu cha nafasi. Waliotengeneza programu za kuiga walijua makarani wana mikono iliyozoea, inayojaza fomu bila kutazama chini. Wakaamua kuiheshimu mikono. Ctrl ya kulia ikawa Enter, Ctrl ya kushoto ikawa ya kufungua kibodi iliyojifunga kwa kosa. Unaweza kubadilisha kwenye mipangilio, wengi hubadilisha. Ila usipoambiwa, utabonyeza mpaka jioni.

Ukuta wa pili ulikuwa jina. Mgeni akiingia kwa telnet bila kujitambulisha, mashine humpa jina la muda, QPADEV0001, anayefuata QPADEV0002, na kuendelea. Kwa kazi nyingi halina shida. Lakini programu za zamani zilizoea kwamba kioo ni mahali. Kioo fulani kipo dirisha la malipo, kwa hiyo karatasi zake zitoke kwenye printa ya malipo. Kioo fulani kipo chumba cha mhasibu, kwa hiyo hicho tu kifungue mafaili ya mishahara. Programu ya posho za mabaharia ilimjua DSP07 peke yake. QPADEV0001 ikaambiwa haina ruhusa.

Tatizo hili lilisumbua wengi, na Julai 2000 ikatoka RFC 2877 iliyoruhusu mwigizaji ajichagulie jina wakati wa kuingia. Kijana akaandika DSP07 kwenye mipangilio. Ikakataa. Jina lilikuwa bado limeshikwa na kioo kilichokufa, kile cha waya. Mjomba akaingia kwenye orodha ya vifaa, akamfuta marehemu, kisha akaunganisha upya. Mashine ikamtengenezea mgeni nafasi yenye jina lile lile. "Tumemrithisha," akasema, na hakucheka.

Hapo faili la baharia likafunguka. Jina lake, meli zake, tarehe za kupanda na kushuka. Na safu ya posho: tarakimu, zikifuatana na alama ya dola.

Kijana akaanza kunakili. Mjomba akamshika mkono. "Ngoja. Sisi hatukuwahi kuwalipa watu hawa kwa dola."

Hapa nawaomba wapenzi wa fasihi wavumilie kidogo, maana hili ni suala la alfabeti. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. PC hufuata jedwali la ASCII, ambamo A kubwa ni 65. Mashine hizi hufuata jedwali la IBM liitwalo EBCDIC, lililokuja na mashine za System/360 mwaka 1964, ambamo A ni 193. Na kwa kuwa EBCDIC ilizaliwa na mantiki ya kadi za kutobolewa, alfabeti yake ina mapengo: I ni 201, lakini J inayofuata ni 209. Programu ya kuiga ndiyo mkalimani kati ya majedwali haya mawili, herufi kwa herufi.

Shida ni kwamba EBCDIC yenyewe ina lahaja. Kila nchi ilipewa jedwali lake. Herufi A hadi Z na tarakimu hazibadiliki, kwa hiyo Kiswahili hupita salama popote, kwa kuwa hatuna alama juu ya herufi zetu. Wajerumani na Wafaransa ndio walioteseka. Kinachocheza kwetu ni alama. Katika jedwali namba 37, la Marekani, namba 91 ni alama ya dola. Katika jedwali namba 285, la Uingereza, namba hiyo hiyo 91 ni alama ya pauni.

Kampuni ile iliwahi kuwa na wakubwa London. Makarani wake waliandika kwa kibodi za Kiingereza cha Uingereza. Mashine ilihifadhi 91, na 91 haikuwahi kubadilika. Laptop, iliyoachwa kwenye mpangilio wa Marekani, ikaisoma dola. Hakuna aliyedanganya wala faili halikuharibika. Mkalimani tu alikuwa na kamusi ya nchi nyingine, na mjane angepoteza sehemu kubwa ya haki yake, kwa maana pauni ya wakati ule ilikuwa juu ya dola kama ilivyo sasa. Wala hakuna ambaye angegundua, kwa sababu dola kwenye ofisi ya meli ni kitu cha kawaida sana.

Mjomba akabadilisha 37 kuwa 285. Alama zikageuka zote kwa pamoja, ukurasa mzima.

Tunapozungumzia kuhifadhi kumbukumbu, huwa tunawaza moto, mafuriko, mchwa. Tunanunua mashine, tunatunza nakala, tunalala. Lakini kumbukumbu ile ilikuwa salama kabisa, na bado ilikuwa karibu kupotea, si kwa kufutika bali kwa kusomwa vibaya na mtu mwenye nia njema. Kilichoiokoa hakikuandikwa popote. Kilikuwa kichwani mwa mzee mmoja wa Tandika anayefuga kuku. Wanafasihi tunalijua jambo hili kwa utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu: karatasi ipo, wino upo, ila bila kujua msomaji wa zamani aliitamka vipi herufi ile, unaweza kupata neno lingine kabisa na usishtuke.

Kabla ya kuondoka, mjomba alimwonyesha kijana jambo la mwisho. Telnet ya mlango 23 hupeleka neno la siri wazi wazi. Enzi ya waya mnene haikuwa shida, kwa kuwa ili uibe ilibidi uingie chini ya meza. Kwenye mtandao wa leo ni hatari, kwa hiyo upo mlango 992 unaofunga mazungumzo kwa usimbaji. Wakaupanga huo.

Kisha akaomba karatasi na kalamu. Akaandika anwani, mlango 992, DSP07, jedwali 285, mistari 24 kwa 80, na chini kabisa: "Enter ni Ctrl ya kulia." Akaibandika kwa selotepu ubavuni mwa mashine, akairudia kusoma kwa sauti, akamwambia kijana naye asome.