Matuta ya Machakos: Kutoka Amri Hadi Mwethya

Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliitazama wilaya ya Machakos, nchini Kenya, akaikatia tamaa. Milima ilikuwa imechunwa na mvua, makorongo yamefunguka kila upande, naye akaripoti kwamba nchi ya Wakamba inageuka jangwa la mawe na mchanga.

Serikali ya kikoloni ililaumu ng'ombe. Haikutaja kwamba malisho mazuri ya Wakamba yalikuwa yamechukuliwa na walowezi. Mwaka 1938 mifugo ikaanza kukamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu, wanawake na watoto wakiwamo, hadi Nairobi kudai haki yao kwa gavana. Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini upunguzaji wa lazima wa mifugo ulisitishwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Watu walichimba kwa shingo upande, na matuta mengi, membamba na dhaifu, yalibomolewa na mvua.

Mambo yalibadilika miaka ya 1950. Mkamba aliruhusiwa kulima kahawa, kwa sharti la kuipanda kwenye matuta, na tuta likaanza kuleta pesa. Kazi yenyewe ikarudi mikononi mwa mwethya, desturi ya kale ya majirani kusaidiana shambani kwa zamu. Wakulima walipendelea mtindo wa fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, udongo ukarushwa upande wa juu na kuwa tuta. Maji ya mvua hayakimbii tena, huzama. Udongo unaoteremka hunaswa hapo, na baada ya misimu kadhaa shamba lililoinama hulala karibu sawa. Juu ya tuta hupandwa nyasi za kulisha ng'ombe, wale wale waliolaumiwa.

Katika mito ya msimu, vikundi vilijenga pia mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo, mbali na jua kali. Kiangazi kikikaza, watu huchimba wakateka.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao mwaka 1994, walionyesha kwamba watu wa Machakos waliongezeka kutoka takriban 240,000 mwaka 1932 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989, na bado thamani ya mazao kwa kila mtu ilipanda. Ukaribu wa soko la Nairobi ulisaidia sana, na sehemu kame zaidi hazikufaidika sawasawa.

Sifa kubwa, hata hivyo, ni ya wanawake. Wanaume wengi walikuwa mijini wakitafuta mshahara. Waliobaki na majembe kwenye mwethya, wakichimba tuta baada ya tuta, ni wake na mama zao.