Saburi Iliyojengwa Pamoja na Reli

Katika sharika zetu tunasikia mara nyingi maneno haya: "Kuomba mbele za watu siwezi, sikujaliwa." Mwingine husema hivyo juu ya kusoma somo, kutembelea wagonjwa au kuongoza ibada ya nyumbani. Tunasema kana kwamba saburi ni ya wale waliozaliwa na uwezo. Historia ya bonde letu la Kilombero inatufundisha vingine.

Benki ya Dunia iliona kwamba reli ya kuunganisha Tanzania na Zambia haitalipa. Septemba 1967 nchi hizo mbili zikatia saini na China mjini Beijing, na mwaka 1970 ujenzi wa TAZARA ukaanza. Njia yake ilipita kwetu: Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba. Wengi wa vijana walioajiriwa walitoka shambani. Walijua jembe na panga. Spana na injini vilikuwa vigeni mikononi mwao. Tena mafundi wa Kichina hawakujua Kiswahili, na vijana hawakujua Kichina.

Basi wakafundishana kwa vitendo. Fundi alifungua mashine, akaifunga, akaifungua tena, mpaka kijana aliyekuwa akitazama akaweza kufanya mwenyewe. Mwishoni mwa 1971 reli ilikuwa imefika Mlimba. Mbele yake kulikuwa na milima ya kupanda kwenda Makambako, sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote; mengi ya mahandaki 22 ya reli nzima yako huko. Wapo walioacha kazi, na wapo waliopoteza maisha. Hadi leo Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yapo makaburi ya Wachina waliokufa katika kazi hiyo. Lakini mwaka 1975 reli ya kilomita 1,860 ilikamilika, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi.

Vijana wale hawakupewa uvumilivu kwanza ndipo wakapelekwa kazini. Waliupata kwa kurudia kazi ambayo mikono yao haikuizoea. Hata jembe walilolizoea, siku za kwanza liliwatoa malengelenge. Walikuwa wamesahau tu. Mengi tunayoyaita vipaji ni mazoezi ya zamani.

Mtume Paulo, katika Warumi sura ya 5, anaiweka saburi katikati ya safari: nyuma yake iko dhiki, mbele yake liko tumaini. Naye Martin Luther, ingawa alikuwa daktari wa theolojia, alieleza katika Katekisimo Kubwa kwamba bado aliirudia katekisimo kila siku kama mtoto. Tunaokolewa kwa neema, wala hatupati wokovu kwa mazoezi. Lakini aliyeokolewa ana shule ya kuhudhuria.

Tukumbuke pia yule fundi aliyekubali kuifungua mashine kwa mara nyingine. Bila yeye kijana angerudi nyumbani akiamini kwamba hana uwezo. Mama anapokwama katikati ya sala jumuiyani, au kijana anapokosea jina gumu la Agano la Kale, tukicheka tumemfungia mlango. Tukimngojea, na juma lijalo tukampa nafasi tena, tunajenga saburi yake na yetu pia.

Basi kila mmoja wetu achague huduma moja inayomwia vigumu, aianze juma hili.