Brashi maalumu katika programu za animesheni

Brashi maalumu ni brashi ya kidijitali ambayo mchoraji ameitengeneza mwenyewe, au ameipata kwa mwenzake, akaiongeza kwenye programu yake juu ya zile zilizokuja nayo. Wachoraji wa picha tuli wanazo pia, lakini katika animesheni, au uhuishaji, brashi hubeba mzigo mzito zaidi. Filamu hupita kwa fremu 24 kila sekunde. Hata kwa desturi ya kushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, dakika moja ya mhusika mmoja anayetembea bila kupumzika ni michoro 720, na mstari wa mchoro wa kwanza hauna budi kuonekana umetoka mkono mmoja na wa 720. Brashi iliyompendeza kila mtu kwenye picha moja mara nyingi hushindwa mtihani huu, na hapo ndipo haja ya kutengeneza brashi kwa ajili ya mwendo inapoanzia.

Asili

Wazo la mchoraji kujitengenezea brashi lina umri mkubwa kuliko programu nyingi za leo. Mwaka 1985 kampuni ya Electronic Arts ilitoa DeluxePaint, iliyoandikwa na Dan Silva, kwa ajili ya kompyuta za Amiga. Mtu aliweza kukata kipande chochote cha picha, jani, jicho au herufi, na kipande hicho kikawa brashi papo hapo. Toleo la tatu, la mwaka 1989, liliongeza animesheni na pamoja nayo brashi yenye mwendo: mchoraji alikata mfululizo wa picha za ndege apigaye mbawa, akavuta kipanya kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine, na ndege akaruka.

TVPaint, programu ya Kifaransa iliyoanza mwaka 1991 kwenye Amiga hiyohiyo, imerithi tabia hii, na hadi leo mtumiaji wake hukata sehemu ya mchoro na kuifanya brashi. Studio ya Cartoon Saloon ya Kilkenny, Ireland, imeitumia katika filamu za Song of the Sea (2014) na Wolfwalkers (2020). Anayetaka kuelewa kwa nini brashi inastahili kuhangaikiwa aitazame hiyo ya pili kwa makini. Watu wa mjini wamechorwa kwa mistari minene yenye kona, kama chapa ya ubao wa kuchonga. Wa msituni wana mistari myepesi, na mingine ya rasimu imeachwa ionekane. Mtazamaji hajaambiwa neno lolote, lakini anajua mji ni kifungo na msitu ni uhuru.

Kalamu inapogusa

Brashi nyingi za pikseli hufanya kazi kama mhuri. Programu huchukua picha ndogo iitwayo ncha na kuigonga mara nyingi kufuata njia ya kalamu. Mapigo hayo yakikaribiana, jicho huona mstari. Umbali kati ya pigo na pigo hupimwa kwa sehemu ya upana wa ncha. Ncha ya pikseli 20 yenye nafasi ya asilimia 10 hugongwa kila baada ya pikseli 2, na mstari hutoka laini. Nafasi ikizidi asilimia 100 mapigo huachana, mstari ukawa safu ya nukta, kama zile zinazojaza miili ya wanyama katika michoro ya tingatinga. Nafasi ndogo mno nayo ina gharama: kompyuta hugonga mara nyingi kuliko inavyohitajika na kalamu huanza kuvuta nyuma ya mkono.

Juu ya ncha huja vipimo vya kalamu. Tableti ya kuchorea hutuma mkandamizo wa mkono, na nyingine hutuma pia mwinamo wa kalamu. Kasi na mwelekeo wa mstari programu hukokotoa yenyewe. Mtengenezaji wa brashi huamua kipimo kipi kiongoze kitu gani: mkandamizo ukuze upana, au uongeze uzito wa rangi, au vyote viwili. Kila uhusiano una grafu yake, na kwenye grafu hii ndiko mkono wa mtu unakojulikana. Mwenye mkono mzito akipewa grafu ya mwenye mkono mwepesi, kila mstari wake utatoka mnene kupita kiasi.

Kipimo kinachohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote ni nasibu. Nasibu ya kila pigo hubadilisha kidogo ukubwa au mzunguko wa ncha mstari unapoendelea, na kwa kuwa mapigo ni mamia, tofauti zake hufutana. Nasibu ya kila mstari ni jambo jingine. Hiyo huchagua thamani moja kalamu inapogusa na kuishikilia mpaka inyanyuliwe, kwa hiyo mchoro wa kwanza hupata mstari mnene na wa pili mwembamba bila mchoraji kukusudia. Kwenye picha tuli tofauti hiyo huleta uhai. Kwenye animesheni mhusika aliyesimama kimya hutetemeka kama ana homa. Krita, programu tutakayoitumia hapa chini, inazo zote mbili na kuzitenganisha, nami nashauri ile ya mstari izimwe katika brashi yoyote ya kuchorea umbo la nje la mhusika.

Kutengeneza brashi ya mkaa

Krita, programu huria inayotengenezwa chini ya jumuiya ya KDE, ilipata vifaa vya animesheni katika toleo la 3.0 la mwaka 2016, na kwa kuwa haina malipo ndiyo mahali pazuri pa kujifunzia. Tuchukue mfano wa brashi ya mkaa.

Mkaa wa jikoni unafaa. Chagua kipande laini, ukisugue ubavu wake kwenye karatasi yenye uso wa kukwaruza mpaka upate madoa kumi au kumi na tano, kila moja la ukubwa wa kucha. Piga picha kivulini mchana, simu ikiwa sambamba na karatasi ili kivuli chake kisiingie. Katika madoa hayo ni mawili au matatu tu yatakayofaa. Yanayofaa yana kitovu kizito kilichovunjika kingoni. Doa la mviringo kamili litatoa mstari usio na mkaa wowote ndani yake.

Kata doa, uliweke kwenye turubai ya pikseli 300 kwa 300, uondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha ongeza tofauti ya weusi na weupe mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa. Hatua hii ndiyo wengi huipita haraka. Katika ncha ya namna hii nyeusi ndiyo inayopaka na nyeupe haipaki, na kila kijivu kilicho katikati hupaka kwa kiasi chake. Kijivu cha karatasi kikibaki, hata kile ambacho jicho halikioni, mapigo mia moja yatakijumlisha na mstari utazungukwa na ukungu wenye kingo za mraba. Doa lenyewe lisiguse ukingo wa turubai, kwa sababu hiyohiyo.

Kitufe cha F5 hufungua kihariri cha brashi. Chagua injini ya pikseli, nenda sehemu ya ncha, na utumie kitufe cha mhuri kinachochukua kilicho kwenye turubai na kukifanya ncha. Anza na nafasi ya asilimia 10. Sasa chora mstari mrefu: utaona michirizi inayokwenda sambamba kama njia ya ufagio uwanjani, maana doa lilelile limegongwa likiwa limeelekea upande uleule kila mara. Zungusha ncha kwa nasibu ya kila pigo na michirizi itapotea. Mkandamizo uongoze uzito wa rangi kwanza; upana upewe nafasi ndogo tu, kwa sababu mkaa halisi haunenepi sana kwa kukandamizwa, huwa mweusi zaidi. Hifadhi kwa jina jipya na picha yake ya kuitambulisha.

Bado haijawa brashi ya animesheni. Ncha ya pikseli 300 ikitumika kwa upana wa 12 kwenye fremu ya 1920 kwa 1080, chembe zote za mkaa huyeyuka zikawa kijivu kimoja. Ncha ihukumiwe kwa upana itakaofanyia kazi. Mara nyingi hulazimu kurudi kwenye doa na kulipunguza maelezo yake, ibaki mipasuko mikubwa mitatu au minne. Kisha itumie kuchora mpira unaodunda, michoro 12, urudierudie bila kusimama. Kuijaribu brashi kwa kukwangura pembeni mwa turubai hakumwonyeshi mtu chochote kuhusu mwendo. Mpira ukizunguka mara kumi na jicho likabaki kwenye mpira, brashi imefaulu. Jicho likihamia kwenye mstari, kuna kipimo kimoja kilichozidi.

Kasoro ya kioo

Programu nyingi huruhusu brashi kubeba nakshi ya karatasi, na nakshi hiyo hushikamana na turubai, haishikamani na kinachochorwa. Kwenye picha moja hili ni sahihi kabisa, maana ndivyo karatasi ilivyo. Mhusika anapotembea, chembe za karatasi hubaki palepale na yeye huteleza nyuma yake, kana kwamba tunamwona kupitia kioo chenye mikwaruzo. Waliotaka kuipa filamu ya kompyuta sura ya picha ya kupakwa walipambana sana na kasoro hii. Mwaka 1996 Barbara Meier, akiwa Walt Disney Feature Animation, alieleza njia ya kubandika mapigo ya brashi kwenye uso wa umbo lenyewe ili yasafiri nalo, na katika Tarzan ya mwaka 1999 studio hiyo ilitumia mfumo wake wa Deep Canvas kuipaka misitu ambayo kamera hupenya ndani yake.

Kwa mchoraji wa fremu moja baada ya nyingine dawa ni rahisi kuliko hiyo. Chembe ziwekwe ndani ya ncha, kama tulivyofanya na mkaa, zisiwekwe kwenye nakshi. Au nakshi ihamishwe kwa nasibu kila mstari, jambo ambalo Krita inaliruhusu. Njia hii ya pili hufanya uso uchemke kidogo, na kuchemka huko kuna uhalali wake: katika animesheni ya karatasi kila mchoro ulikuwa kwenye karatasi yake, na hakuna karatasi mbili zenye chembe zinazolingana.

Kuingiza brashi za wengine

Brashi husafiri kama faili, na aina ya faili huamua kinachofika. Faili la .abr la Photoshop likifunguliwa kwenye Krita huleta ncha tu. Mipangilio ya mkandamizo na nasibu hubaki lilikotoka, na anayelalamika kwamba brashi aliyoinunua imeharibika kwa kweli amepokea nusu yake. Faili la .gih hubeba ncha kadhaa zinazopokezana, na ingawa huitwa brashi ya mwendo, halihusiani na animesheni: mwendo wake uko ndani ya mstari mmoja. Mipangilio kamili ya Krita hukaa kwenye faili la .kpp, ambalo ni picha ya PNG yenye maagizo yaliyofichwa ndani yake. Brashi nyingi zikikusanywa pamoja na ncha na nakshi zake huwa kifurushi kimoja cha .bundle, na hiyo ndiyo njia salama ya kumpa mwenzako, maana ncha iliyosahaulika haisumbui mpaka siku ya kazi.

Faili la .myb lina bahati zaidi. Lilizaliwa katika MyPaint, programu ya Martin Renold, ni maandishi yanayosomeka, na injini yake imechukuliwa na GIMP, Krita tangu toleo la 5.0, na OpenToonz. Hii ya mwisho ni programu ya animesheni yenye historia: Toonz ilitengenezwa Italia, Studio Ghibli ikaanza kuitumia katika Princess Mononoke ya mwaka 1997, na mwaka 2016 kampuni ya Dwango ya Japani ikaifanya huria. Brashi ya .myb iliyotengenezwa kwenye MyPaint inaweza kunakiliwa kwenye folda ya brashi za OpenToonz na ikachora. Haibebi picha ya ncha, hukokotoa duara au yai, kwa hiyo mkaa wetu hauwezi kwenda huko kama ulivyo.

Programu ya Blender hufuata njia nyingine. Katika Grease Pencil, zana yake ya kuchorea, mstari ni safu ya nukta zenye unene na uzito, na picha ya chembe za mkaa hukaa kwenye materiali badala ya brashi. Anayehamisha brashi peke yake atashangaa kupata mstari mtupu. Tangu toleo la 4.3 la mwaka 2024 brashi zake huhifadhiwa katika maktaba za faili za .blend. Faida yake kubwa ni kwamba mtetemo wa mstari unaweza kuongezwa baada ya kuchora, kwa kiasi unachotaka, na kuondolewa mwongozaji akibadili mawazo. Filamu ya Kifaransa J'ai perdu mon corps ya Jérémy Clapin (2019) ilitengenezwa kwa zana hizi.

Wachoraji wakiwa zaidi ya mmoja, kifurushi cha brashi hukaa kwenye folda ya mradi pamoja na michoro ya wahusika, na hakuna anayekigusa peke yake. Kila mmoja hurekebisha grafu ya mkandamizo kwenye mipangilio ya tableti yake ili mkono wake utoe mstari wa wote, na brashi yenyewe haibadilishwi. Ikilazimu kubadilishwa, hupewa jina jipya lenye namba, na ya zamani haifutwi: ombi la kuchora upya fremu kumi za tukio la kwanza huja miezi baadaye, na mstari wake lazima ulingane na wa fremu zinazozitangulia na zinazozifuata.