Mwuza Viatu na Jamaa Yake

Wazee wetu na wanachama wenzetu, kuna faida kukumbuka habari za Mifflin Wistar Gibbs, mtu mweusi aliyezaliwa huru mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1823. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto, akamwacha mama mjane. Mifflin alijifunza useremala, na mwaka 1850 akafuata wachimba dhahabu huko California.

Hakuchimba. Mjini San Francisco alianza kwa kupiga viatu rangi, kisha akashirikiana na Peter Lester wakafungua duka la viatu. Biashara ikastawi. Lakini sheria ya huko ilikataza mtu mweusi kumtolea mzungu ushahidi mahakamani. Hivyo Lester alipopigwa na mzungu mle dukani, Gibbs aliona kwa macho yake, asiweze kusema neno mbele ya hakimu.

Hapo alitambua kwamba mali isiyo na haki haina mlinzi. Mwaka 1858 alihamia Victoria, mji katika koloni la Waingereza, na mwaka 1866 akachaguliwa diwani. Aliporudi Marekani alisoma sheria, na mwaka 1873 akachaguliwa hakimu mjini Little Rock. Yule aliyenyimwa ushahidi sasa akawa ndiye asikilizaye mashahidi. Tangu 1897 alikuwa konseli wa Marekani kisiwani Bukini.

Binti zake, Ida na Harriet, aliwasomesha chuoni Oberlin. Harriet alianzisha shule ya muziki mjini Washington mwaka 1903. Gibbs alifariki mwaka 1915. Duka lilikwisha zamani. Elimu ilibaki katika jamaa. Basi nasi tunapoweka akiba, tukumbuke ada za watoto.