Dogo wa Karatu aliyeikimbiza dunia, kisha siasa ikamfungia mlango

Ukikaa kijiweni Sombetini ukataja riadha, majina ya Wakenya yatatajwa kwanza. Ila kuna jamaa wa hapa hapa mkoani Arusha aliyebadilisha namna mita 1500 zinavyokimbiwa: Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, 1953.

Mwanzo haukuwa mtamu. Olimpiki ya Munich 1972 alitolewa raundi ya kwanza, mita 1500 na hata zile za kuruka viunzi na maji. Angekuwa mwingine angerudi shamba. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika huko Lagos, dogo akampiga Kipchoge Keino mwenyewe.

Halafu ikaja Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Enzi hizo wakimbiaji walivizia, wakachomoka mzunguko wa mwisho. Bayi hakuwa na muda huo. Bunduki imelia tu, kaondoka, na hakushikwa tena. Dakika 3, sekunde 32.16: rekodi ya dunia, akiwa na miaka 20. Mwenyeji, John Walker, alimfukuza mpaka mwisho. Naye aliivunja rekodi ya zamani lakini akaambulia fedha. Mei 1975 huko Kingston, Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akaivunja, 3:49.4.

Sasa dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976: Bayi na Walker, nani mbabe?

Mechi haikuchezwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na New Zealand haikufungiwa Olimpiki. Tanzania ikasusa, na zaidi ya nchi 20 za Afrika zikagoma. Walker akabeba dhahabu kwa 3:39.17, muda ambao Bayi angeupita kwa mbali kwa kasi yake ya Christchurch.

Inauma, lakini msimamo ule ulikuwa na maana: watu weusi Afrika Kusini walikuwa wananyimwa haki nchini kwao. Ila gharama yake hawakuilipa wanasiasa. Waliilipa vijana ambao miguu yao ina msimu mfupi.

Bayi hakukata tamaa. Moscow 1980 aligeukia mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji, akaongoza kama kawaida yake, akashikwa mzunguko wa mwisho na Bronisław Malinowski wa Poland. Fedha. Suleiman Nyambui naye akachukua fedha ya mita 5000. Mpaka Olimpiki ya Paris 2024, Tanzania haikuwa imeongeza medali nyingine.

Na ile 3:32.16? Ilibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka 2022. Miaka 48. Rekodi nyingi hufa kabla ya wenyewe kuzeeka. Ya huyu mzee ilizeeka naye.