Leza na Koltani ya Masisi: Gunia Husema Uongo, Jiwe Halisemi

Koltani ya Rubaya, eneo la migodi la Masisi mashariki mwa Kongo, ikishaoshwa ni chembe nyeusi, nzito kiganjani kuliko ukubwa wake, na hakuna jicho litakaloitofautisha na koltani iliyochimbwa ng'ambo ya mpaka. Hapo ndipo magendo yalipopata nafasi. Tangu bei ilipopanda ghafla mwaka 2000, magunia yametoka Masisi yakiwa ya Kongo na kufika sokoni yakiwa ya nchi nyingine. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzibana kampuni zieleze asili ya madini yao. Septemba mwaka huohuo Rais wa Kongo, Joseph Kabila, akasimamisha uchimbaji katika mikoa ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Kisha zikaja etiketi, vipande vya plastiki vyenye namba vinavyofungwa mdomoni mwa gunia. Lakini etiketi huuzika, na hata isipouzwa, hueleza habari za gunia tu. Mawe yaliyomo haiyajui.

Ushahidi wa jiwe lenyewe ulikuwa tayari unatafutwa. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960, na miaka miwili baadaye wataalamu walionyesha kwamba mwale wake ukipiga kitu, mvuke unaotoka hung'aa kwa rangi zinazotaja elementi zilizomo. Leo viwanda vya chuma hutambua mchanganyiko wa metali kwa njia hiyo kwa sekunde chache. Taasisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR ya mjini Hannover, ilichukua njia iliyo jirani nayo, ikaanza kuijaribu kwa koltani kuanzia mwaka 2006. Chembe hung'arishwa, leza ikachimba kishimo chembamba kuliko unywele, na vumbi lake likabebwa na gesi hadi kwenye mashine inayopima uzito wa atomi. Urani iliyogeuka madini ya risasi hutoa umri wa jiwe: koltani ya Kivu ina karibu miaka bilioni moja, ile ya Msumbiji karibu nusu ya hapo.

Wapo wanaosema kwamba Kivu na Rwanda ziko juu ya ukanda mmoja wa miamba, na umri wa koltani zake unakaribiana. Ni kweli, na ndiyo maana umri peke yake hautoshi: elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana nazo hulinganishwa, chembe kwa chembe, na sampuli zilizokusanywa migodini. Kuchanganya magunia nako hakufichi kitu kirahisi, kwa kuwa kila chembe huulizwa peke yake. Hoja nzito ni nyingine: jiwe halijui ni nani aliyeshika bunduki lilipochimbwa. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti takriban tani 120 za koltani zikivuka kwenda Rwanda kila mwezi. Leza haifungi barabara hiyo. Inachofanya ni kumnyang'anya mnunuzi kisingizio cha kutojua, na kwangu hilo si dogo, maana ni kwa kisingizio hicho watu wa Masisi wameibiwa robo karne.

Basi wanunuzi wa tantali, metali inayotolewa katika koltani, wapime chembe kabla ya kuzipeleka kiwandani, na sampuli za migodi zikabidhiwe maabara za Wakongo wenyewe. Koltani ikishayeyushwa, umri wake na alama zake hupotea, na hakuna kipimo kitakachoonyesha tena kwamba ilitoka Rubaya.