Mshenga wa Leningrad

Tamara Moskvina hafikii hata mita moja na nusu kwa urefu. Akisimama kando ya uwanja wa barafu, vijana anaowafundisha humwinamia kama wajukuu wanaomsikiliza bibi yao. Lakini kati ya mwaka 1984 na 2002 Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ilifanyika mara sita, na kila mara wanafunzi wake walirudi na medali ya kuteleza kwa jozi: dhahabu mara nne, na mara mbili zilizobaki fedha. Katika miwili kati ya hiyo, 1992 na 1998, dhahabu na fedha zote zilikwenda kwake.

Alizaliwa Leningrad tarehe 26 Juni 1941, siku nne tu baada ya majeshi ya Ujerumani kuuvamia Umoja wa Kisovieti. Alianza kuteleza peke yake, akawa bingwa wa nchi mara tano mfululizo, kuanzia 1962 hadi 1966. Katika miaka hiyo alikuwa akizunguka kwenye ncha ya mguu mmoja huku ameushika mguu mwingine juu ya kichwa kwa nyuma. Mtindo huo leo unaitwa kwa jina la Denise Biellmann wa Uswisi, bingwa wa dunia wa 1981. Aliyetangulia hakuachiwa hata jina.

Kocha wake, Igor Moskvin, alikuwa pia mumewe. Ndiye aliyemtafutia mwenzi: Alexei Mishin, mtelezaji mwenzake aliyesomea uhandisi wa umeme. Hapo ndipo Tamara alipokutana na kazi ya ushenga, yeye mwenyewe akiwa ndiye anayeposwa. Kuteleza kwa jozi si kucheza dansi. Mwanamume humwinua mwenzake juu ya kichwa kwa mkono mmoja huku akienda kasi. Humrusha, naye hujizungusha hewani na kutua kwa mguu mmoja akirudi kinyumenyume. Urefu, uzito, mwendo, hata hasira za wawili hao lazima zipatane. Wakikosana wakiwa mazoezini, gharama yake si maneno tu.

Moskvina na Mishin hawakudumu muda mrefu. Walikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Grenoble mwaka 1968. Mwaka uliofuata wakawashinda Ludmila Belousova na Oleg Protopopov, mabingwa wa Olimpiki mara mbili, katika mashindano ya taifa. Kisha, kwenye ubingwa wa dunia kule Colorado Springs, wakapata fedha, nyuma ya jozi mpya ya Moscow, Irina Rodnina na mwenzi wake. Wakaishia hapo. Mishin akaenda kuwafundisha wanaoteleza peke yao, na miongoni mwa wanafunzi wake wamo Alexei Urmanov na Evgeni Plushenko, wote mabingwa wa Olimpiki. Jozi moja iliyoshika nafasi ya pili ikazaa makocha wawili, na sioni jozi ya dhahabu ya zama hizo iliyozaa hivyo.

Dhahabu yake ya kwanza akiwa kocha ililetwa na Elena Valova na Oleg Vasiliev huko Sarajevo, 1984. Lakini kipaji chake kilionekana hasa pale jozi zilipovunjika. Artur Dmitriev alitwaa dhahabu ya 1992 na Natalia Mishkutenok, na fedha ya 1994. Mishkutenok alipoondoka, wengi wangempeleka yule jitu la mtu kustaafu. Moskvina akamposea Oksana Kazakova, na mwaka 1998 huko Nagano Dmitriev akawa mwanamume wa kwanza kushinda dhahabu ya jozi akiwa na wenzi wawili tofauti.

Posa iliyomgharimu moyo ni ya Elena Berezhnaya. Mwanzoni mwa 1996, akifanya mazoezi Riga na mwenzi wake wa wakati huo, chuma cha kiatu cha mwenziye kilimpiga kichwani na kufika hadi kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji, ikabidi ajifunze upya kusema. Anton Sikharulidze, kijana wa St Petersburg, alikwenda kumuuguza, na hatimaye wawili hao wakateleza pamoja chini ya Moskvina. Miaka miwili baada ya ajali walikuwa na fedha ya Olimpiki na ubingwa wa dunia.

Dhahabu yao ya Salt Lake City, mwaka 2002, ndiyo iliyoleta zogo. Sikharulidze alijikwaa alipotua, Wakanada Jamie Salé na David Pelletier wakateleza bila kosa, na bado majaji wakawapa Warusi kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji wa Ufaransa akasema ameshinikizwa. Siku chache baadaye Wakanada wakapewa dhahabu ya pili, na mfumo wa alama uliokuwa na kilele cha 6.0 ukatupwa ndani ya miaka michache. Moskvina alibaki na dhahabu ambayo watu wengi hawaitaji bila kutaja kashfa.

Hakustaafu. Akamchukua Yuko Kavaguti kutoka Japani, akamwozesha kwa Alexander Smirnov kwenye barafu, na wakawa mabingwa wa Ulaya mara mbili. Mwaka 2021 jijini Stockholm, Anastasia Mishina na Aleksandr Galliamov walitwaa ubingwa wa dunia katika safari yao ya kwanza kushiriki. Mwaka uliofuata walileta shaba kutoka Olimpiki ya Beijing. Kocha wao alikuwa na miaka 80. Aleksandr alikuwa na miaka 22, na bado alilazimika kuinama ili asikie anachoambiwa.